Mtu wa Mia na Ishirini na Moja

Jumatano mchana, mtoto amelala

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu salamu za dada, zile zinazoanza kwa kuuliza kama umekula. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili na wa sauti, kile kikohozi kimekwisha, na wenzako wa bendi hawajambo. Mpiga ngoma wenu, Mzito, mwambie sufuria yangu aliyoipondaponda akijifunza kupiga bado naipikia chai. Inayumba jikoni, lakini haivuji.

Sisi huku wazima. Shemeji yako yuko zamu ya mchana kiwandani. Mpwa wako sasa hatembei, anakimbia, kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Ana meno manane na yote ameshayajaribu begani kwangu. Usiku halali, kwa hiyo mimi nimechoka ule uchovu wa kutia chumvi kwenye chai. Ukiona mwandiko umelala upande, jua nilisinzia kidogo. Ninachosema lakini nakijua.

Ningekupigia simu, na nimepiga, mara tatu. Meneja wenu, yule mwenye maneno laini, mara ya kwanza alisema umelala, mara ya pili uko kwenye mahojiano, mara ya tatu kwamba atakufikishia. Kilichonirudia ni ujumbe wako wa sauti, unacheka, unasema dada ameanza uoga wake. Eti alikushika mkono kuvuka barabara mpaka ukaota ndevu, sasa anataka kukushika mkono kupanda jukwaani. Nilicheka na mimi, sikatai. Ila kwenye simu unanikatiza, na kwenye barua huwezi. Fundi wenu wa spika anakuja huko kesho asubuhi. Nitampa hii mkononi, na nimeshamwapisha asikupe mbele ya watu.

Jambo lenyewe nalisema mapema ili usilitafute. Jumamosi msipige katika ule ukumbi wa Ghalani. Si hiyo saa kumi mliyopangiwa, wala saa nyingine yoyote.

Najua ukumbi ule ni nini kwenu. Bango la tamasha limebandikwa ukutani karibu na kwetu kazini, na jina lenu, Chumba cha Nyuma, limeandikwa kubwa kuliko bendi zote. Nilisimama pale mbele yake na kapu la mashuka ya watu kichwani mpaka mwenzangu akaniuliza kama nangoja liniamkie. Chumba cha nyuma chenyewe si ni kile chetu, mlikopigia magitaa huku mimi nimeziba masikio kwa mito? Basi nilijivuna. Kisha nikasoma chini: mahali ni Ghalani, tena mtarekodi hapo hapo, mbele ya watu. Kapu nikalitua.

Na redioni nilikusikia pia. Nilikuwa napiga pasi. Mtangazaji alikuuliza siku gani mlijua kwamba mmekuwa bendi, ukamwambia ni ile siku ya mwaka jana, wimbo wa mwisho, sakafu ilipoanza kuwainua na kuwashusha kama mama anayebembeleza mtoto, na nyumba nzima ikacheza. Mtangazaji akasema hayo ndiyo mambo. Mimi nikaunguza kola ya shati la mtu.

Ngoja nikueleze siku ile nilivyoiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa juu na taa machoni.

Unakumbuka nilipata kibarua cha siku moja cha mlangoni, tamasha la mwaka jana. Bendi arobaini changa, sehemu kumi na moja, siku moja, na mwenye ukanda wa karatasi mkononi anaingia popote. Msimamizi wetu, yule mama tuliyemwita Bi Ratiba kwa kuwa alikuwa na ratiba hata kwenye soksi, alituambia zamu yangu inaanza saa sita, basi asubuhi nilizunguka na mtoto mgongoni. Alikuwa na miezi minne. Nilikuwa sijatoka nyumbani kwa starehe tangu nijifungue, na kila mlango niliopita nilijiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kwenye duka la vitabu walikuwa wasichana watatu, mmoja anapiga ndoo iliyofunikwa ngozi, na waliimba kwa sauti ya chini hivi kwamba watu waliacha kufungua kurasa. Kwa kinyozi, kijana mmoja mwenye haya alipiga gitaa akiwa amewapa watu mgongo, lakini alisahau kuna kioo, kwa hiyo sote tulimwona akilia. Kwenye gereji kulikuwa na kelele tupu, na mpwa wako akalala fofofo. Nilisema moyoni, hawa wote wana dada zao mahali, wameziba masikio kwa mito.

Saa sita nikapanda Ghalani. Ukumbi uko juu, unaujua, ngazi ya mbao nyembamba ya kupita mtu mmoja. Chini ni ile stoo ya viti, na mlinzi wa jengo, Babu Funguo, aliniruhusu niweke kikapu cha mtoto humo karibu na dirisha, mkewe akimwangalia. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na karatasi ya zamani: watu mia na ishirini, wasizidi. Babu Funguo alisema hajui nani aliihesabu, ila aliyeihesabu hakuwa mwoga, alikuwa fundi. Bi Ratiba akanipa kile kidude cha chuma cha kuhesabia watu. Mtu akiingia, unabonyeza kwa kidole gumba.

Mpaka saa nane sikuwa na mengi ya kubonyeza. Ulikuja kujaribu vyombo, ukachungulia, ukaniuliza wako wangapi. Nikakwambia ishirini na sita, pamoja na wawili waliolala. Ulicheka, lakini niliona koo lako likipanda na kushuka, vile vile lilivyofanya ulipokuwa na miaka saba na mama hajarudi. Sikulipenda lile koo. Nilisema moyoni, laiti ningeweza kuwajazia watoto hawa nyumba.

Basi mvua ikanyesha. Jukwaa la nje likalowa, na watu wote wa uwanjani wakatafuta paa. Walipanda ngazi ile wakivukiza kama nguo za pasi. Mmeanza wimbo wa pili, kidude kinasoma mia na ishirini. Nikaweka mkono mlangoni.

Mtu aliyesimama mbele ya mkono wangu alikuwa na viatu vya bei vilivyojaa tope, na kadi shingoni yenye jina la kampuni ya kurekodi. Alisema hana shida, anataka nyimbo mbili tu, kisha anakwenda kuona bendi nyingine kwenye duka la vitabu. Unamjua. Ndiye aliyewapa mkataba.

Ndiyo, mdogo wangu. Alikuwa wa mia na ishirini na moja. Nilimpitisha, na kidole gumba changu hakikubonyeza. Waliokuwa nyuma yake wakaniuliza kwa nini yeye apite na wao wabaki, mmoja akasema labda mimi ni shangazi yake, wakacheka. Mlango ukishaufungua kwa mmoja umeshafunguka. Wakapita wawili wawili, watatu watatu. Wewe redioni ulisema walikuwa mia mbili. Mimi niliyekuwa mlangoni sijui walikuwa wangapi, na ndilo jambo baya kuliko yote.

Kabla ya wimbo wa mwisho mke wa Babu Funguo aliniita, mtoto analia, anataka kunyonya. Nikashuka. Nilikuta uso wa mtoto mweupe. Nikadhani ni poda, nikapangusa, ikawa ni lipu. Nikaangalia juu. Ile boriti kubwa ya katikati ilikuwa inashuka na kupanda. Mzito akipiga ngoma, inashuka. Watu wakiruka, inashuka zaidi. Na kila ikipanda hairudi pale ilipokuwa. Ilikuwa na mpasuko wa kuingia kidole, na ndani ya mpasuko mbao ilikuwa mpya, nyeupe, kama mfupa. Viti vilivyopangwa ukutani vilikuwa vinagongana meno.

Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, mkashuka wote wazima. Mtu wa kadi akawakumbatia. Nami sikusema.

Jana nilirudi pale. Nilijifanya natafuta mwavuli, mwavuli wa mwaka mzima uliopita, Babu Funguo akaniangalia tu akanifungulia. Stoo imepakwa rangi na boriti imefunikwa kwa dari jipya la ubao, safi kabisa. Nilimuuliza mafundi walifanya nini. Alisema mwenye jengo hakuleta mafundi, alileta wapaka rangi. Yeye na mkewe wamehamia kibanda cha nje tangu miezi miwili iliyopita, anasema ni kwa sababu ya joto, na wakati anasema hivyo alikuwa amevaa sweta.

Tulipanda juu. Mpwa wako alikuwa na mpira wake mdogo mwekundu, ukamponyoka pale mlangoni. Ulibingirika wenyewe, polepole, bila kusukumwa na mtu, mpaka katikati ya ukumbi, ukazunguka mara moja ukatulia. Mtoto akafurahi, akaukimbilia. Nikamdaka kabla hajafika. Babu Funguo alisema siku hizi anafagia pembeni tu, maana taka zinakwenda katikati zenyewe. Mpira tumeuacha. Methali ya ufa unaijua, sina haja ya kukuandikia.

Kutoka pale nilikwenda kwa Bi Ratiba. Alisema nyumba ile imesimama miaka themanini, kwamba kanda za mkononi zimekwisha kugawiwa, na waliochukua ni mara tatu ya mwaka jana. Kisha akaniuliza, bila ubaya, kama niliona hatari, mbona nimekaa nayo mwaka mzima. Hapo alinipata. Nilitoka bila kuaga.

Mdogo wangu, hilo swali ndilo sijalijibu, na wewe ndiye wa kwanza kujibiwa.

Mama alituachia usia mmoja tu wa barabarani, na tulimcheka nao mpaka anafariki: usivuke ukamwacha mwenzako ng'ambo. Ndiyo maana nilikushika mkono mpaka ukaota ndevu. Sasa sikia nilichofanya. Nilipoiona ile boriti, wimbo ulikuwa ndio kwanza unaanza. Ngazi ilikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Ningepanda, ningepiga kelele, ningezima umeme. Swichi kubwa ipo pale pale mlangoni mwa stoo, niliitazama. Nikafikiria mtu wa kadi yuko juu, na huu ndio wimbo wake wa pili. Nikafikiria koo lako. Nikambeba mtoto, nikamwambia mke wa Babu Funguo atoke nami tukaone mvua, nikavuka barabara. Nilisimama chini ya kibaraza cha ng'ambo, nikamnyonyesha mwanangu, nikaliangalia lile dirisha mlipokuwa. Nilihesabu beti. Wimbo ule una beti nne. Nilizihesabu zote nne.

Nilivuka nikakuacha ng'ambo. Nilikuacha wewe, na Mzito, na watu wote wale waliokuwa ndani kwa sababu mimi niliwafungulia. Haikuanguka, lakini mimi sikujua kwamba haitaanguka. Mwaka mzima unanitumia picha, unaniambia dada ona tulipofika, na kila picha naiona kutoka ng'ambo ile. Nilinyamaza kwa sababu kusema lile la boriti ni kusema na hili.

Usije ukadhani muziki wenu ulisaidiwa. Mimi nilifungua mlango tu. Waliobaki walibaki kwa ajili yenu. Nikasirikie kwa lile la kweli, usinikasirikie kwa lisilokuwepo.

Leo asubuhi nimeandika maelezo katika ofisi ya majengo ya mji, yote, na jina langu chini, pamoja na hesabu niliyoiacha. Karani alisema mhandisi atakwenda Ijumaa, gari likipatikana. Huenda lisipatikane. Kwa hiyo usimngojee mhandisi. Waambie wenzako, mwambie na meneja wenu mwenye maneno laini. Pigieni kwenye gereji, au kwa kinyozi, au rudini chumba cha nyuma, mito ninayo.

Na kama hutasikia, basi ujue hivi. Jumamosi mtoto nitamwacha kwa jirani. Mimi nitakuwa Ghalani tangu asubuhi, nimekaa kwenye ile ngazi, kipandio cha tatu, pale penye upana wa mtu mmoja. Ndani ya bahasha nimekufungia kile kidude, sikukirudisha siku ile. Bado kinasoma mia na ishirini. Mimi sikihitaji tena, maana safari hii sitampitisha hata mtu mmoja, na wapiga muziki ndio hutangulia kuingia. Wa kwanza nitakayemzuia ni wewe.

Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako ameamka sasa hivi, anauliza mpira uko wapi. Wasalimie wenzako, ule vizuri, na ukivuka barabara angalia pande zote mbili.

Mimi niliyekubeba mgongoni,
Dada yako