Treni ya Maua kutoka Bochum

Bochum, 24 Agosti 1920

Baba mpendwa,

Makofi. Ndiyo sauti ninayoisikia tangu Jumanne iliyopita, nikiwa darasani, kanisani, hata nikimenya viazi. Niwie radhi kwa kuanza na makofi kabla ya salamu. Tumsifu Yesu Kristo. Kifua chako kinaendeleaje? Kikohozi cha asubuhi kimepungua, au bado vumbi la mgodini linakudai usingizi? Mimi ni mzima wa mwili.

Jumanne, Mkuu wa shule yetu, Bwana Lohmann, aliingia chumba cha walimu akipepea gazeti. "Warszawa imeanguka!" akasema. "Warusi wako ndani ya mji. Poland imeisha tena, na safari hii haikutimiza hata miaka miwili." Walimu wenzangu wa Kijerumani wakapiga makofi. Baba, na mimi nilipiga. Hakuna aliyenishika mikono. Nilisikia viganja vyangu vikilia pamoja na vyao, nikafikiri: huyu anayepiga ni nani?

Siku chache baadaye gazeti lilelile, kwa herufi ndogo kama za tangazo la kuuza mbuzi, likasema Warszawa haikuanguka. Warusi wanakimbia! Nilijifungia chooni nikacheka mpaka nikauma shali yangu. Miaka mia na ishirini na tatu nchi haikuwamo kwenye ramani, Mjerumani upande huu, Mrusi upande ule, kila mmoja ameketi juu ya kipande chake. Imerudi juzi tu, na tayari imelirudisha nyuma jeshi la Warusi peke yake! Nilitaka kukimbia barabarani. Badala yake nilinawa uso nikaenda kufundisha hesabu.

Kwa nini nilipiga makofi, Baba? Niambie ukweli, wewe unanijua.

Nasikia huko kwetu Silesia Wajerumani na Wapolandi wanapigana usiku na mchana. Niandikie upesi.

Binti yako,
Otylia


Kuźnia, 9 Septemba 1920

Tylka mwanangu,

Milele na milele, amina. Kifua kipo palepale nilipokiacha. Shangazi yako Waleska anakusalimu kutoka Piekary. Mapigano yamekwisha. Kwetu kimevunjika kioo kimoja, na nadhani alikivunja paka.

Ulipiga makofi kwa sababu una akili. Mtu akiwa ndani ya nyumba ya watu hucheka wakicheka. Mimi nimefanya hivyo miaka thelathini na moja chini ya ardhi, na msimamizi wa mgodi hajawahi kunisikia nikipumua vibaya.

Lakini umekuwa Mpolandi tangu lini, mwalimu wangu? Sisi tunasema Kipolandi jikoni na mbele ya Mungu, sawa. Ila Silesia yetu ilitoka mikononi mwa wafalme wa Poland miaka mia sita iliyopita. Mia sita! Hata mbuzi aliyepotea hatafutwi muda mrefu hivyo.

Hapa kila ukuta una tangazo. Mwaka ujao tutapiga kura, tuwe wa Ujerumani au wa Poland. Watu wa upande wa Poland wanasema wakishinda, kila maskini atapewa ng'ombe. Jirani yetu Pyka ameshamchagulia jina wa kwake. Nimemwuliza, "Utamlaza wapi, kitandani kwa mkeo?" Hasemi nami tangu Jumapili.

Mimi kura yangu ni ya Ujerumani, nisikufiche. Pensheni yangu inatoka huko. Na kaka yako Ryszard alizikwa Verdun, kwenye vita na Wafaransa, na sare ya Kijerumani mwilini. Nikiipigia Poland, nitamwambia nini? Kwamba alikufa kwa ajili ya watu wengine?

Kula vizuri.

Baba yako,
Wincenty


Bochum, 16 Januari 1921

Baba mpendwa,

Natumaini theluji haijakufungia ndani na Shangazi anakuletea supu. Mimi nimekonda kidogo, kwa furaha. Soma hii ukiwa umekaa.

Wote tuliozaliwa Silesia ya Juu tunaruhusiwa kwenda kupiga kura kwetu tulikozaliwa. Huku Bochum kuna kamati ya Wajerumani inayotusafirisha bure. Treni nzima! Mabehewa yatapambwa kwa maua na matawi ya msonobari, kutakuwa na bendi, na soseji kila kituo kikubwa. Bwana Lohmann amenisimamisha mbele ya shule nzima: "Mwalimu Kandzia anakwenda kuokoa nchi ya baba zetu." Watoto wa darasa langu wamenichorea kadi arobaini na mbili. Arobaini na moja zina tai mweusi wa Ujerumani. Moja ina bata.

Nami nitapanda treni hiyo, Baba, nitakula soseji zao, nitashuka Kuźnia, na nitaipigia kura Poland.

Usiitupe barua. Nimewaza majira yote ya baridi. Unasema miaka mia sita. Lakini kila mwaka unakwenda kuhiji kanisa la Piekary kwa miguu, na kila mwaka ulituonyesha mahali Mfalme wa Poland alipopiga magoti akiwa njiani kwenda kuwapiga Waturuki Vienna. Ulikuwa unashusha sauti kana kwamba bado yumo ndani anasali. Hukuwahi kutuonyesha mahali alipopiga magoti mfalme wa Berlin. Mimi ni mtoto wa sauti ile uliyoishusha.

Nikigundulika nitafukuzwa kazi, hilo nalijua. Jambo moja tu linaniuma: je, huu ni wizi? Kupanda treni ya mtu na kumpigia kura jirani yake?

Nijibu, tafadhali. Sitalala vizuri mpaka unijibu.

Binti yako,
Otylia


Kuźnia, 6 Februari 1921

Otylia,

Mzima. Theluji imefika dirishani.

Umeuliza, nakujibu. Ndiyo, ni wizi. Hatukukulea ule kwenye meza ya mtu kisha uteme mate kwenye sufuria yake. Kama huwataki, wakatae ana kwa ana, lipa nauli yako, utembee, utambae. Usiwachekee huku umeshika soseji yao.

Na jambo la mfalme lilikuwa hadithi ya kuwatuliza watoto waliochoka kutembea.

Ukija kwa mpango huo, usije kwangu. Shangazi yako ana kitanda.

Baba yako


Kuźnia, Jumatatu ya Pasaka, 28 Machi 1921

Tylka,

Kristo amefufuka. Natumaini ulifika Bochum salama na hukupata mafua kwenye yale mabehewa yao. Vijana wamepita asubuhi na ndoo, kama kila Jumatatu ya Pasaka, wakakuta hakuna msichana wa kumwagia maji, wakanimwagia mimi. Nimekaa karibu na jiko naandika nikiwa nimevaa sketi ya zamani ya mama yako. Usimwambie mtu.

Nilikuona siku ya kura. Ulikuwa mbele yangu kwenye foleni, watu kumi na mmoja kati yetu, na ua la karatasi la treni yao bado limebandikwa kifuani mwako. Uligeuka ukanitazama. Mimi nikatazama viatu vya askari Mfaransa, mmoja wa wale walioletwa kusimamia kura, aliyekuwa analinda mlango. Viatu vizuri. Pyka akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kandzia, binti yako ameletwa na Berlin kwa bendi. Wewe umeletwa na nani?" Nikamwambia, "Na miguu yangu. Na wewe umeletwa na ng'ombe?" Watu walicheka. Wewe hukucheka.

Jioni ulikuja ukasimama langoni. Nilikuwa nyuma ya pazia. Kama uliona linatikisika, haukuwa upepo.

Sasa nikuambie kitu, nawe ukichome ukishasoma. Walinipa karatasi mbili na bahasha moja. Karatasi moja Ujerumani, moja Poland. Unatia unayoitaka, nyingine unaichana. Nikaingia nyuma ya turubai. Nikashika ile ya Ujerumani nichane ile ya Poland, nikamwona mama yako. Mama yako hakujua kuomba hata maji kwa Kijerumani, na alipokuwa anakufa muuguzi alimfokea aseme kama watu. Basi nikashika ile ya Poland nichane ile ya Ujerumani. Nikamwona Ryszard na kofia yake. Nisingeweza kumchana mwanangu, Tylka. Mikono ilikataa. Mfaransa akakohoa nje. Nikazikunja zote mbili, nikazitia pamoja, nikalamba bahasha.

Nilidhani watahesabu moja huku na moja kule. Niliona ni haki kabisa. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi kama kijana.

Jioni ya kesho yake Pyka, aliyekuwa kwenye meza ya kuhesabu, akatuambia baani: "Kuna mpumbavu ametia zote mbili! Imetupwa." Baa nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, Tylka, mpaka machozi. Ndipo nikaikumbuka barua yako ya Agosti, ile niliyoijibu kwa utani.

Nimeungama kwa padri. Amesema si dhambi, lakini si kura pia.

Mimi niliyekuita mwizi nilikwenda kuchagua nchi nikarudi mikono mitupu. Sikuulizi ulitia ipi. Naomba tu uniambie kama bado unanihesabu kuwa baba.

Wincenty, baba yako


Piekary, 12 Aprili 1921

Baba yangu, baba yangu, baba yangu,

Barua yako ilinikuta Bochum Ijumaa ya tarehe moja, nilipokuwa nateremka ngazi kwenda shuleni. Niliisoma nimesimama, nikairudia nikitembea, nikagongana na mwanamke mwenye kapu la mayai. Nisamehe, sitaichoma. Kristo amefufuka kweli! Kifua chako je, baada ya yale maji? Ulikuwa umevaa sketi ipi, ile ya kijani? Nimecheka nikalia kwa pamoja.

Pazia niliona. Nilisimama pale muda mrefu zaidi kwa sababu yake.

Ulisema kama siwataki niwakatae ana kwa ana. Nilikukasirikia siku zote za safari, kwa kuwa ulikuwa sahihi. Soseji za treni zile sikuzila, Baba. Niliimba nyimbo zao tu, nusu sauti. Na nyuma ya turubai sikusita: nilichana ile ya Ujerumani vipande vidogo sana, nikaitia Poland, nikatoka nikicheka peke yangu kwa furaha hata Mfaransa wako akaniuliza kwa ishara kama ninaumwa. Lakini niliporudi Bochum nikakaa kimya wiki nzima, na kila mtu akanishika mkono kunipongeza, furaha ile ikaanza kunuka.

Ijumaa hiyo, barua yako ikiwa mfukoni, Bwana Lohmann aliniita mbele ya darasa. Maua mezani, watoto wamesimama. Akasema, "Mwalimu Kandzia, wasimulie jinsi ulivyoipigia kura Ujerumani."

Nikasema, "Niliipigia Poland."

Baba, watoto arobaini na wawili walimkodolea macho Bwana Lohmann. Yeye aligeuka mwekundu, kisha mweupe. Nilingoja anifokee. Badala yake akanitoa nje ukumbini na kuuliza, pole pole, "Kwa nini umesema? Wewe ni mwalimu wangu bora. Ungenyamaza tu, hakuna ambaye angejua."

"Wewe ulinipandisha treni, Bwana Mkuu," nikamwambia. "Nimeona nikuambie wewe mwenyewe."

Alitazama sakafu. "Basi siwezi kukubakiza."

"Najua. Barua ya kuacha kazi nimeiandika asubuhi hii, iko chini ya maua."

Tulishikana mikono. Sikutegemea hilo.

Usiku huohuo nilifunga mizigo, ikanichukua siku kadhaa kuagana na kupata nafasi kwenye treni, treni ya kawaida, bila maua, nimekaa kati ya kuku na mjane wa Wrocław aliyekoroma njia nzima. Jana nimefika kwa Shangazi Waleska. Kijiji chetu kimeipa Poland kura mia tatu kumi na moja, Ujerumani mia mbili tisini na nane, lakini Silesia nzima imeipa Ujerumani nyingi zaidi, na kwa kuwa vijiji havikukubaliana, sasa ramani itakatwa na mabwana ambao hawajawahi kufika hata mji wetu wa Bytom. Mpaka utapita wapi hakuna ajuaye. Pengine kati ya jiko lako na zizi la Pyka. Wanaume hapa wananong'ona uani na kunyamaza wanawake wakipita, kwa hiyo najua bado kuna vurugu mbele.

Sijangoja kuona. Leo asubuhi nimekubali kufundisha watoto wa hapa kusoma na kuandika Kipolandi, nimetia sahihi, na Jumatatu naanza. Bendera ikija hii au ile, mimi niko huku. Na kuhusu swali lako, wewe uliyeshindwa kumchana mwanao: hakuna baba mwingine ninayemhesabu.

Ni saa moja tu kwa miguu kutoka hapa hadi langoni kwako. Jumapili baada ya misa nitakuja, na safari hii nitaingia hata usiponifungulia, kwa dirisha la jikoni ambalo halijawahi kufunga vizuri. Shangazi atanisaidia kusukuma mkokoteni, maana nimekuja na masanduku yote mawili, na godoro.

Binti yako,
Otylia