Nafasi ya Katikati

Siku ya kwanza ya juma, 6 janvier 2003

Éphraïm amekula jua. Sasa hivi! Niligeuka kufunika sufuria ya sombe, nikasikia mudomo inatafuna — karata yangu ya jua iko ndani, nusu imekuwa uji. Nikaingiza kidole. Akatafuna na kidole, akacheka. Mutoto wa meno ine tu na tayari anaharibu! Nilitaka kumuchapa, nikamubusu.

Donc nichore ingine, na carton ya sabuni imebaki kidogo. Mukaka Agar, mama muzee jirani yetu hapa Bulengera, hataki karata zake zitoke kwake. Alizipata kwa Madame mumoja Mugiriki kule Beni, zamani alikuwa anamupikia. Madame ndiye alimufundisha kuzipanga na kuzisoma, kutafuta mambo yaliyofichika. Mimi ninanakili zangu na kalamu ya bic, na nageuza kidogo. Papa wa Roma nimemufanya pasteur, sisi tuko Baprotestanti. Gari ya farasi nimeifanya baiskeli — farasi huku nani ameiona? Mufalme nimemuvalisha beret ya commandant. Mukaka akaangalia, akasema huyu commandant yako ana sura ya mbuzi.

Ni kweli.

Siku ya tatu, 8 janvier

Nakosea tu, nakosea tu. Unapanga musalaba. Kushoto, kitu kinachokusaidia. Kuume, kinachokuzuiya. Juu, cha kufanya. Chini, mwisho wake. Kisha unajumlisha namba za zile karata ine, na jumla inakuonyesha karata ya katikati. Ile ndiyo inasema neno. Jumla ikipita makumi mbili na mbili, unajumlisha tena tarakimu zake. Na mimi niliacha masomo primaire ya ine! Vidole havitoshi, naazima vya Éphraïm.

Nilitangulia na maombi. Mukaka akacheka mpaka akakohoa. Eti, unaita Yesu akuchanganyie karata?

Acheke. Mimi nataka kujua jambo moja: Kasonia yuko wapi? Bwana yangu alisukuma baiskeli na maharagi mpaka Mambasa, arudi na mawese. Vita ikaingia Mambasa nyuma yake. Batu ya kule banafika Beni kwa miguu kila siku. Yeye hapana. Niende Beni nimutafute, ao nimungojee hapa? Mukaka alinipangia: "Ngojea." Nikarudi tena: "Ngojea." Neno gani hiyo! Hata jiwe inajua kungojea. Ndiyo maana najifunza. Nijipangie mwenyewe, nijue.

Siku ya posho, 11 janvier

Nimejipangia. Nane, kumi na sita, makumi mbili, tano. Jumla makumi ine na tisa. Ine na tisa — kumi na tatu. Natafuta kumi na tatu. Haiko! Nikapindua godoro. Nikafungua mudomo ya Éphraïm. Kisha nikakumbuka, sikuichora hata siku moja. Kwa Mukaka, kumi na mbili ni mutu ametundikwa muguu, halafu kumi na ine ni malaika anamimina maji. Nilinakili bila kuangalia namba. Mujinga mimi!

Nikamubeba mutoto, mbio kwake. Alikuwa anachambua maharagi.

— Mukaka, kumi na tatu yako iko wapi?
— Nilichoma.

Hata kichwa hakuinua.

— Juu ya nini uichome?
— Ni mifupa, Kavira. Mifupa inashika mundu, inakata batu kama majani. Tangu vita, kila mama anayekaa kwenye hii kiti, mifupa inamukalia katikati. Nikachoka. Madame alisema haiko lazima kifo, ni mambo kugeuka. Bon, Madame alipanda avion, akaenda.
— Na jumla ikianguka pale, kwenye nafasi tupu, unasemaka nini?
— Nasema ngojea.

Ngojea! Mara mbili alinipa! Nikamuambia unanidanganya kama mutoto wa titi. Akauliza: na usiku ile ulilala ao hukulala?

Nililala. Ndiyo kinaniuma.

Siku ya Mungu, 12 janvier

Kanisa sikuenda. Carton ya sabuni inajua nini? Bic inajua nini? Kasonia hajakufa. Ningesikia ndani ya mwili.

Shemeji Manassé alipita. Anasema mwanamuke hatafute bwana, bwana ndiye anarudi. Basi arudi!

Naenda Beni.

Siku ya tatu, 15 janvier, Beni

Lori, juu ya mifuko ya viazi, Éphraïm akanitapikia kitenge yote. Tunalala na bakimbizi ndani ya lupango, kiwanja ya kanisa. Nimeuliza kila mutu: mwanaume murefu, pengo hapa mbele, anacheka mingi. Mumoja anasema ndiyo, nilimuona kule Mangina, njia ya Mambasa. Mwenzake anasema wapi, yule wa Mangina alikuwa mufupi! Bakaanza kugombana juu ya urefu ya bwana yangu. Mi nasimama pale kama muti.

Musalaba sitaki tena. Nimepanga karata tatu tu, kama mafiga, katikati moto. Hakuna kujumlisha, hakuna nafasi tupu. Ikaleta baiskeli, commandant, malaika. Haikusema kitu. Nikapanga tena. Kitu hapana. Nimezirudisha ndani ya kitambaa na hasira.

Siku ya ine, 16 janvier, Beni

Emérence, mama wa Mambasa tunalala naye mukeka moja, ameona karata. Anataka nimupangie juu ya bwana yake — alibaki nyuma, amebeba mama yake kwa mugongo. Nikapanga mafiga. Akasema aka, hii ni ya kupika, panga ile ya kweli.

Nikapanga musalaba. Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, polepole, na vidole vya Éphraïm. Kumi na tatu.

Alikuwa ananyonyesha. "Inasema nini, Mama Éphraïm?"

Njiani, juu ya viazi, niliapa: mimi nitasema kweli kwa kila mutu. Nikafungua mudomo. Nikasema, ngojea.

Akanishukuru! Akalala pale pale, muchana kabisa, kama mutu ametua muzigo. Mi nimetoka inje. Nimekasirikia Mukaka, nimejikasirikia, na Mukaka naye ninamukumbuka sana, sijue nifanye nini na hii roho. Éphraïm ameshika ukuta, anataka kutembea, anaanguka, anasimama tena. Baba yake hajaona hii.

Kelele kule barabarani. Batu bapya ya Mangina banaingia. Falonne, anayepikia bakimbizi, anakimbia kuja huku na mwiko mukononi. Mama Éphraïm! Kuya mbio! Kuna mwanaume amefika, anauliza bibi ya Kasonia ni nani. Nimesimama. Mais Kasonia mwenyewe hawezi kuuliza hivyo, yeye angeita Kavira, angeita mutoto, kwa hiyo huyu ni mwingine, ameleta habari yake. Naacha bic hapa, naenda.