Boti Isiyokunywa Maji

Buffalo, 12 Aprili 2015

Kwako Papa,

Salamu kutoka kwangu, mke wangu Spés na watoto. Tuko wazima, baridi ndiyo inaanza kutuachilia. Goti lako linaendeleaje?

Fundi mmoja wa boti hapa kando ya mto amenipa kazi ya majaribio: kusafisha boti kuukuu ya faiba na kuipaka rangi upya. Rangi ikikubali, ananichukua moja kwa moja, nami naachana na lile ghala la nyama iliyogandishwa. Vidole vyangu vinakufa ganzi hata nikiwa nyumbani. Donc naitaka sana kazi hii.

Nimeifuta nta yote kabla ya kupiga msasa, kama alivyonionyesha, lakini tumbo la boti lina nyufa ndogondogo kama za kisigino. Naona aibu kumuuliza kila kitu. Wewe umetengeneza mitumbwi ya mbao kisiwani Idjwi maisha yako yote. Nizifanye nini?

Mimi mtoto wako,
Donati

Louisville, 21 Aprili 2015

Donati mwanangu,

Barua imefika, Mungu asifiwe. Goti linanung'unika, lakini kanisani nafika, hata kama naingia katikati ya mahubiri.

Faiba sijui ni mti gani wa huko, lakini boti ni boti. Ikikaa nje inakauka, mbao zinaachana. Ijaze maji mpaka juu, ilale nayo wiki nzima, inywe, ivimbe, nyufa zijifunge zenyewe. Kisha uimwage, uipanguse, upake. Mtumbwi wenye kiu haushiki rangi.

Papa yako,
Ruhimbika

Buffalo, 24 Mei 2015

Papa mpendwa,

Hamjambo huko? Sisi salama. Nisamehe kwa kuchelewa. Rangi imekataa kidogo, imetoa malengelenge. Ni mimi sikukausha vizuri. Fundi amenipa mpaka mwisho wa Julai. Usiwe na wasiwasi, wewe angalia goti.

Mtoto wako,
Donati

Louisville, 2 Juni 2015

Donati,

Salamu zitafuata. Dada yako Yudita amenipigia kutoka Columbus. Spés alimweleza yote. Kumbe faiba si mti. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi, wala hazivimbi, na maji niliyokuambia uyajaze yamepita kwenye nyufa yakakaa chini ya rangi. Nawe ukamwambia bosi ni uzembe wako.

Bon. Ulitaka kunilindia heshima. Heshima ya namna hiyo itakunyima kazi. Ijumaa napanda basi mpaka Columbus kwa Yudita, na Jumamosi mume wake ananileta kwako. Usiniandikie kwamba goti linauma. Goti ni langu.

Papa yako

Buffalo, 26 Julai 2015

Papa,

Natumaini ulifika salama. Hapa wote wazima, watoto wanauliza Babu anarudi lini.

Fundi bado anawaigizia wenzake jinsi ulivyojipiga kifua, ukaonyesha mpira wa maji, ukajipiga kifua tena, kumwambia kwa ishara kwamba kosa ni lako. Anasema hajawahi kuona mzee anayevuka majimbo kuja kuungama maji.

Baada ya wewe kuondoka niliendelea kama tulivyopatana. Malengelenge yote niliyoyapasua niliyaacha yapigwe na feni. Kila jioni nilibandika kipande cha nailoni juu ya tumbo la boti, na kila asubuhi nilikuta jasho ndani yake. Nilianza kukata tamaa. Asubuhi moja nikabandua, nikapitisha kidole: kavu. Kesho yake, kavu tena. Ndipo nikaziba nyufa kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka praima, ile rangi ya chini, na rangi ya bluu mara mbili.

Alhamisi tumeiteremsha mtoni. Fundi aliizungusha weee, kisha akainua ubao wa sakafu, akaingiza mkono mpaka chini kabisa. Akautoa, akaupangusa kwenye shati langu. Haukuacha alama. Akasema, "Jumatatu, saa mbili. Na hilo jaketi la ghalani liache huko huko."

Mtoto wako,
Donati

Louisville, 3 Agosti 2015

Mwanangu Donati,

Mimi mzima, nashukuru. Barua yako nimeisoma kwanza kimya, halafu kwa sauti, kisha nikalala mchana kama mtoto aliyeshiba.

Sasa sikia. Bwana Rutebuka wa kanisani amenunua boti kuukuu ya faiba, anataka kuvua kwenye mto Ohio. Alikuja kwangu, maana wote wanajua mimi ni fundi. Nikamwambia fundi yuko Buffalo, nikampa namba yako. Atakupigia Jumamosi. Ana sauti kubwa, weka simu mbali na sikio.

Papa yako,
Ruhimbika