Nyonga ya Kaka Khoát

Thái Bình, 6 Novemba 1994

Mwanangu Nhàn,

Hujambo? Huko Hanoi unakula vizuri? Mimi mzima, ila baridi imeniingia magotini.

Tumempata kaka yako! Mwaguzi alituonyesha kaburi kulekule Quảng Trị, alikopotelea vitani. Miaka yote hii, kumbe Khoát ananisubiri. Mifupa nimeshaiosha kwa maji ya manukato. Imebaki kuipanga kwenye sanduku lake la udongo, na mfupa ukikaa vibaya ataumwa huko aliko. Wewe ndiye unayesomea udaktari, njoo umpange. Na usilete woga wako. Kuku akichinjwa tu, wewe huyoo, mbio!

Mama yako

Hanoi, 28 Novemba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nisamehe kwa kuja kumpanga kaka kisha kuondoka bila kuaga. Najua ulidhani namwogopa marehemu. Nilikuwa nakuogopa wewe.

Niliushika mfupa wa nyonga. Utotoni huwa vipande vitatu, navyo huungana kwenye kikombe kinachopokea paja. Huu ulikuwa umeungana, ila ukingo wa juu bado. Nikafurahi: kijana, kama kaka. Kisha nikatia kidole gumba kwenye pengo la nyuma. Kwa mwanamume huwa jembamba, kidole hukwama. Changu kilicheza. Nikazikutanisha nyonga zote mbili kwa mbele, nikaona upinde mpana, wa kupitisha mtoto.

Mama, huyu ni msichana. Si Khoát. Naogopa barua hii itakuua, na kunyamaza naogopa zaidi. Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao Nhàn

Hanoi, 20 Januari 1995

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi umefika mlangoni nami sijui kama bado nina kwetu. Niambie tu kwamba u hai.

Mwanao

Thái Bình, 12 Februari 1995

Nhàn,

Mimi mzima. Wali wa kufungwa majanini niliokuwekea wa Mwaka Mpya umeota ukungu, shauri yako.

Barua yako ya kwanza ilinikuta namwekea Khoát sadaka ya wali na yai mbele ya sanduku. Nilikulaani, sikufichi. Halafu hofu ikanishika: mwanangu bado yuko porini peke yake, na mimi namwita mtoto wa watu kwa jina lake! Baba yako mkubwa akasema tumrudishe msichana huyo alikotoka. Nikamwambia thubutu! Tumrudishe kwa nani? Juzi tumemzika shambani, mahali pa Khoát. Kwenye jiwe nimeandikisha "Binti" basi.

Sasa nawaza, huenda yuko mama mwingine aliyeonyeshwa kaburi lisilo lake, akamchukua Khoát wangu, akamwosha, na sasa anambembeleza kwa jina la kike. Nikiwaza hivyo usingizi unanipaa. Naomba tu mama huyo asiwe na binti anayesomea mifupa.

Njoo nyumbani.

Mama yako