Sekunde Moja ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Baba amebandika karatasi mlangoni mwa duka: "Tunafunga tarehe 31. Njoo uchukue saa yako." Mwandiko wake ule ule mzuri, ila mistari inayumba. Ameandika mara tatu kabla ya kuridhika. Mbili nimezikuta kwenye pipa la taka.

Miaka thelathini na minane ya kutengeneza saa. Sababu ni mikono. Inatetemeka, mwaka wa pili sasa, na daktari amesema haitarudi ilivyokuwa. Akisimama kaunta anaitia mfukoni kama mtu anayesikia baridi.

Na mimi! Studio yangu ni mlango wa tatu kutoka dukani kwake. Nimepiga picha mtaa mzima — vitambulisho, maharusi, hadi mbwa wa daktari wa meno. Baba akiwa kazini nina picha yake moja tu, ya simu, na uso kageuza. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini angalau angemnyoa baba yake.

Nataka picha moja. Kubwa kama mlango, mtu akiisogelea ahesabu skrubu zilizo mezani. Uso na mikono, vyote viwili, akiwa kwenye meza yake. Siku ishirini na nane. Kamera yangu ya harusi haiwezi. Nataka filamu kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza kamera kuukuu. Watu wanamwita Kamishna kwa sababu hakuuzii hata betri kabla ya kukuhoji. Nimemuuliza kamera ipi bora, ya filamu ya roli au ile kubwa ya mivukuto, inayokunjuka kama kinanda cha mkono na kula filamu moja moja ya ukubwa wa kiganja. Akasema namuuliza viatu vipi bora kabla sijamwambia nakwenda wapi. Kisha mahojiano! Nani? Amekaa wapi? Dirisha liko upande gani? Picha itatundikwa wapi? Nimejibu kama niko kizuizini.

Akasema nimeanza na kamera, ndiyo maana nimechanganyikiwa. "Lenzi ndiyo ndoa, binti. Kamera ni nyumba ya kupanga, utahama tu."

Nimecheka hadi mlangoni. Lakini amenikubalia nijaribu kwanza, ninunue baadaye. Nimeanza na ya roli.

Ijumaa, 7 Machi

Kamera ya roli ni tamu jamani. Nzito kama tofali, lakini unaishika mkononi, picha kumi na mbili bila kuhangaika. Lenzi yake ya milimita 80 ina mwanga mwingi.

Baba hakuwa mtamu. Amekaa kama wa kitambulisho, kifua mbele, mikono chini ya meza. Nimemwomba aitoe. Ameitoa kwa hesabu ya picha moja, akairudisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesafisha roli. Uso mzuri sana. Ile picha moja yenye mikono — mikono imekuwa moshi. Na nikiikuza kwa ukubwa ninaoutaka, skrubu zinakuwa punje punje, huwezi kuzitofautisha na makombo ya mkate.

Basi ni ile kubwa. Mama anauliza kama nyumba itabaki na nafasi ya kupita.

Jumanne, 11 Machi

Kamera ya mivukuto imeingia dukani kwa Baba! Miguu mitatu, kitambaa cheusi, lenzi ya milimita 210 — Kamishna anasema urefu huo unampendeza mtu, haumvuti pua. Nimejifunika kitambaa. Kwenye kioo cha nyuma Baba yuko kichwa chini, na ukuta mzima wa saa nyuma yake. Baba naye akataka kuchungulia. Amekaa humo ndani muda mrefu. Akatoka akasema saa zote ziko kichwa chini na hakuna hata moja iliyochelewa. Sijamwona akifurahi hivyo tangu mwaka jana.

Sasa tabu. Mwanga wa dirishani ni mdogo, na flashi haifai, kila kioo cha saa kinairudisha. Nikitaka uso na mikono vyote vionekane vizuri, lazima nibane tundu la lenzi, na nikilibana inahitajika sekunde nzima. Kwa sekunde nzima mikono ni moshi. Nikilifungua, muda unakuwa mfupi, lakini unabaki uso peke yake na mikono inazama kwenye ukungu. Yaani lenzi inaniambia nichague: baba gani?

Nimepiga mbili kwa sekunde nzima. Shata, kile kifuniko cha ndani ya lenzi kinachofunguka na kujifunga, ilipofyatuka Baba akainua kichwa. Akasema hiyo si sekunde. Nikamwonyesha namba. "Imeandikwa moja, mwanangu, lakini haisemi moja. Hiyo ni moja na robo." Ndani ya shata kuna magurudumu kama ya saa, yameganda mafuta, anayasikia. Alitaka kuifungua pale pale.

Mama, aliyekuwa ameleta chai, akacheka: ataifungua kwa mikono hiyo? Hakuwa na nia mbaya. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mikono ikarudi mfukoni na chai ikapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Moshi. Zote mbili. Tena moshi zaidi, na hiyo robo ya juu.

Nimerudi nikajaribu tena, na nilimwambia yale ninayowaambia wote: pumzisha mikono, Baba, iweke tu juu ya meza, usifanye kitu. Alipoipumzisha, ndipo ilipocheza! Akaikandamiza. Ikacheza hadi bisibisi zikawa zinagongana kwenye kisahani. Mimi chini ya kitambaa nilikuwa nasikia tu ule mlio.

Akasema, "Piga uso. Mikono iache."

Nikasema sawa. Nilivyofika studio nimelia. Si kwa ajili ya picha. Ni kwa jinsi alivyosema "iache", kama vile si yake.

Jumamosi, 15 Machi

Kamishna ana dawa ya kila kitu. Leo kanitolea lenzi kubwa kama bakuli, jicho la ng'ombe kabisa, inanyonya mwanga wote wa chumba. Anasema kwa hiyo muda utakuwa mfupi, mikono itagandishwa hewani. Nimeichungulia. Kweli — ila nikielekeza kwenye jicho, pua imeshapotea. Ya kupiga kope, si ya kupiga mtu.

Ni lenzi nzuri sana, lakini. Nimeota nayo mchana kweupe. Nimemwambia aniache nifikirie.

Jumapili, 16 Machi

Niandike hili polepole.

Baada ya chakula Mama alikuwa anashona kitufe. Sindano imemshinda, miwani haioni. Bila kufikiri akamsukumia Baba sindano na uzi, kama alivyofanya miaka yote. Baba akatoa mikono mfukoni. Inatetemeka. Akashika sindano. Inatetemeka. Akashika uzi, akasogeza tundu karibu na jicho — ikatulia. Tuli! Uzi ukapita mara moja. Akairudisha sindano, akaweka mikono mapajani, ikaanza tena.

Nikamuuliza kama alijua. Akashangaa kwamba sikujua.

"Ikiwa na kazi inatulia. Ikikosa kazi ndiyo inacheza."

Nikauliza, sasa kwa nini anafunga duka? Akawa anamwangalia Mama anavyoshona. Kisha akasema mteja hamuoni akiwa kazini. Mteja anaiona mikono kaunta, wakati wa kupokea saa, kabla kazi haijaanza. Mwezi wa kwanza mwanamke mmoja alimnyooshea saa ya mama yake marehemu, akatazama ile mikono, akairudisha saa yake kwenye mkoba. Alisema atapita siku nyingine. Alikuwa na adabu sana, Baba akasema, na hilo ndilo lililomuuma.

Mama aliacha kushona. Akasema pole mzee wangu, hata kwa maneno yangu ya siku ile ya chai. Basi, wakaanza kubishana kuhusu rangi ya uzi.

Miaka kumi na mitano nawaambia watu wapumzishe mikono! Na baba yangu nikamwambia hivyo hivyo. Sikuhitaji lenzi ya haraka. Nilihitaji kumwacha afanye kazi.

Jumanne, 18 Machi

Nimemrudishia Kamishna jicho la ng'ombe. Nikamweleza: mtu atakuwa ameinama, lupu, kile kioo cha kukuzia cha fundi saa, jichoni, mikono iko karibu na uso lakini chini yake na mbele kidogo. Nataka vyote. Na ana uwezo wa kutulia sekunde mbili.

Hakunihoji, mara ya kwanza. Akaenda nyuma akarudi na lenzi nyeusi, fupi, mbaya. Milimita 240, mwanga mdogo, ilitoka kiwanda cha uchapaji walikokuwa wakipigia ramani. Imekaa rafuni miaka tisa bila mteja kwa sababu haina shata. Unafungua kwa kutoa kofia, unafunga kwa kurudisha kofia. Basi!

Uzuri wake ni kwamba inatupa duara pana la picha, pana kuliko filamu. Kwa hiyo naweza kuinamisha ubao wa mbele wa kamera, lenzi ikainama kidogo kumfuata Baba, na ule mstari wa kuonekana vizuri ukashuka kutoka jichoni hadi vidoleni. Lenzi yenye duara dogo ukiiinamisha unapata pembe nyeusi. Na kamera ya roli kama ile haiinami kabisa. Kamishna akasema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, akafurahia mwenyewe.

Nimenunua. Kamera ya mivukuto na lenzi isiyotakiwa na mtu. Niko radhi na ndoa hii.

Jumamosi, 22 Machi

Leo!

Tatizo lilikuwa kazi. Saa za wateja zimeshachukuliwa karibu zote, na Baba hawezi kuigiza. Alisema akishika bisibisi bila sababu mikono itajua. Basi nikamwekea mezani ile lenzi ya 210, yenye sekunde ya uongo. Kamishna alishanikubalia, alisema haiwezi kufa zaidi ya ilivyokufa.

Sikupiga kitu kwa dakika arobaini. Nilimwangalia tu kwenye kioo, kichwa chini, akifungua ile shata. Springi moja iliruka, akaifuata sakafuni kwa sumaku, huku akiisema kama mtoto mtoro. Nikainamisha lenzi. Uso ukaja. Nikainamisha zaidi kidogo — vidole vikaja, na skrubu, na mikunjo ya kiganja. Vyote pamoja! Nimelia tena chini ya kitambaa, lakini safari hii niliendelea na kazi.

Nikasema, Baba, baki hapo hapo. Kofia nje. Mapigo mawili ya saa ya ukutani. Kofia ndani. Katikati yake lori likapita na sakafu ikatikisika. Hiyo imekufa.

Ya pili. Kofia nje, mbili, ndani. Kimya. Hakuna lori. Kisha Baba, bila kuinua kichwa, akasema nimechelewa nusu.

Sikupiga ya tatu. Alikuwa amechoka, na baada ya saa moja hata kazi haiitulizi mikono yake. Lakini shata alishaifunga. Akaifyatua karibu na sikio. "Sekunde," akasema. Akaniwekea mkononi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempelekea Kamishna lenzi yake. Akaifyatua mara saba, kichwa kimeelekea upande. Akauliza ni nani. Nikamwambia. Chini ya kaunta ana sanduku la bati, shata thelathini na kitu, zimekufa zote, fundi wa mwisho aliyezijua alishafariki. Hizo hazina wateja wa kunyoosha mkono, nikafikiri. Hazina kaunta.

Jioni nimemweleza Baba. Akasema yeye amefunga, karatasi iko mlangoni. Mikono mfukoni.

Kamishna aliniuliza nyumbani ni wapi. Nilimwelekeza hadi rangi ya geti. Baba hajui.

Jumatatu, 31 Machi

Baba hakwenda dukani leo. Amekaa kwenye kochi tangu asubuhi, amevaa shati la kazi.

Dawa ya filamu imefika. Nimesema nitaisafisha ile ya pili leo, hapa nyumbani, bafuni, na nahitaji mtu wa kunihesabia. Dakika kumi na moja kamili. Zikizidi, sehemu nyeupe zinaungua. Zikipungua, yote inabaki kijivu. Simu nimeiacha sebuleni kwa sababu ya giza la kupakia filamu. Na mimi, binti wa fundi saa, sivai saa. Akasema aibu hiyo ni yangu. Akaleta kigoda, akakaa nje ya mlango na saa yake ya mfukoni.

Tangi la filamu limefungwa, taa nimewasha, nimekaa juu ya ndoo na daftari. Kila dakika ananitajia, nami nageuza tangi mara moja.

"Moja." Sauti ya refa.

"Mbili."

Tatu. Nne. Geti limegongwa. Mama amefungua. Tano. Namsikia Kamishna anasalimia, anamhoji Mama kama kawaida yake. Kitu kizito kimewekwa mezani, cha bati.

"Sita," Baba amesema, lakini kama mtu aliyegeuka.

Kigoda kimekwaruza sakafu. Hatua. Sasa kifuniko cha bati. Kamishna anaeleza kitu, Baba anamkatiza. Shata imefyatuka. Baba anasema hiyo ni robo, tena robo mbovu, nileteeni bisibisi zangu.

Nimeita: Baba, saba bado?

Hakuna jibu. Mtu ambaye hajapoteza sekunde ya mtu miaka thelathini na minane! Nimeita tena. Amekuja Mama, amesema kwa tundu la ufunguo, taratibu:

"Usimsumbue. Yuko kazini."

Sijui ni ya ngapi. Saba imepita, hilo nina hakika. Labda nane. Huko sebuleni chuma kinagusa chuma, kidogo kidogo, bila kutetemeka.

Nageuza tangi. Nahesabu mwenyewe, kwa sauti ndogo, asije akanisikia.