Filamu ya Wanyonya Damu Uliyoiacha Katikati

Papa Amani,

Ile filamu nimeimaliza. Ile ya mji wa theluji, uliyokuwa ukiwatafsiria watu Jumamosi ulipobanwa na kikohozi, ukanipa mikro ya kusemea na kusema, "Shika, ninakuya sasa hivi." Hukurudi. Walikulaza hospitalini, na kabla ya Jumamosi nyingine tulikuwa tumekuzika.

Banda la video lilifungwa. Lilipofunguliwa, mwenye banda akaniita. Alisema watu wanaulizia sauti yako tu, donc, basi, niiige. "We ulikuwa msaidizi wake, ulikaa naye sana. Ongea kama yeye." Nilijaribu, Papa. Nilijua unavyokwaruza koo kabla muuaji hajaingia. Nikawasha mikro mchana, banda likiwa tupu: "Bon, ndugu zangu, mufunge mulango..." Nje nikasikia sahani zikivunjika. Mama Amani alikuwa na sambusa zake pale mlangoni, kama siku zote. Nilimkuta amesimama, mikono kichwani, anachungulia ndani. Alikuwa anakutafuta.

Nikazima. Nikamwambia mwenye banda kwamba nitaitafsiri filamu kwa sauti yangu, ama atafute mtu mwingine. Akasema mwanamke hawezi kutisha watu. Nikamwomba Jumamosi moja.

Walijaa, nusu yao wamekuja kunicheka. "Ee, Tanzania, rudi kwa redio!" alipiga kelele mmoja, kwa sababu ya Kiswahili cha wazazi wangu waliotoka Tanzania, kama cha watangazaji, ambacho hata wewe ulikitania. Nikakumbuka ulivyonifundisha: "Usiseme theluji peke yake. Ambia watu: munaonaka mulima ya Karisimbi asubuhi ikiwa nyeupe? Sasa muji muzima iko vile, na barabara imefungwa." Nikasema hivyohivyo. Watu wakavuta makoti.

Tukafika pale ulipoachia. Wanyonya damu wameizunguka nyumba, ila hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Anayegonga ni kijana aliyezikwa juzijuzi. Anamwita mama yake kwa sauti ileile, anasema anasikia baridi. Mama ameshashika kitasa.

Nikakwama. Maana siku zile, Papa, ungegonga wewe, ningefungua bila kuuliza.

Mle ndani ya filamu yule mama anasema maneno machache tu. Mimi nilisema: "Mwanangu, nilikuosha mwenyewe, nikakuzika mwenyewe. Nakupenda. Sifungui."

Kisha yule yule wa redio akaruka juu ya benchi: "Usifungue, mama! Usifungue!" Wote wakamfuata, nikawa siisikii tena hata sauti yangu. Mama Amani, aliyekataa maisha yenu yote kutazama mashetani yako, aliingia akakaa nyuma mpaka mwisho. Kutoka, alinishika mkono tu.

Sasa nimepewa Jumamosi zote. Sauti yako sitaiiga tena, hata kwa mzaha, hilo nakuahidi. Na Mama Amani simwachi. Jioni nambebea meza hadi nyumbani, tunakaa kidogo, anaanza kucheka tena.

Leo ni filamu ya mapenzi, mojawapo ya zile ulizokuwa ukimsukumia mtu mwingine azifanye. Kuna busu refu sana mle na sijui nitalisemaje. Nitajua nikifika.

Wameshaanza kupiga mabenchi. Pumzika, Papa. Naingia.

Neema