Mama, Siku ya Komunyo Yako Nilikuwepo

Mama,

Miezi saba imepita tangu tukuzike, na hii ndiyo mara ya kwanza nakaa kukuandikia. Nimechelewa kwa sababu kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na kila nikishika kalamu lilikuwa linayazuia mengine yote. Leo nitalisema. Lakini kwanza nikupe habari za nyumbani, maana najua ndizo ungeanza kuuliza.

Mama Mkubwa amehamia kwenye nyumba yako. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Wiki ya pili baada ya matanga alibeba godoro lake kichwani, akavuka uwanja, akaingia. Nilipomuuliza alisema, "Kule kwangu kumekuwa kimya. Nilikuwaga namsikia akiimba." Mvua zilichelewa, pamba imepandwa mara mbili. Dada Nyangeta kule Kabasa amejifungua mtoto wa kike na amempa jina lako. Ana sauti huyo mtoto, akilia hata jirani wa nyumba ya tatu anajua ameamka. Mimi bado niko huku Musoma, Mwisenge, na cherehani yangu, na Baba Neema, na Neema ambaye ameingia darasa la nne.

Basi. Sasa nianze.

Ninakukumbuka kanisani kwenye kigango chetu, benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilikuwa na miaka kama tisa. Watu walisimama kwenda kupokea komunyo, Mama Mkubwa akiwemo, na wewe ukabaki umekaa. Mikono yako ulikuwa umeiweka magotini, viganja vimetazama juu, kama mtu anayesubiri kumiminiwa maji anawe. Macho yako hayakubanduka altareni. Nilikuvuta kitenge nikakuuliza kwa nini huendi.

"Kupokea nimezuiwa, Wegesa," ukaninong'oneza. "Kutamani hakuna aliyenizuia."

Nilikuja kuelewa baadaye. Baba alikuwa amefunga ndoa na Mama Mkubwa kanisani. Mtoto wao wa pekee akafariki, miaka ikapita bila mwingine, ndugu wakambana Baba mpaka akakuoa wewe. Ukawa mke wa pili, na kwa mke wa pili hakuna komunyo. Katekista alikuja kukueleza kwamba ukiachana na Baba utarudishwa kwenye sakramenti. Mama Mkubwa aliniambia ulimsikiliza vizuri, ukamkaribisha chai, halafu ukatutazama mimi na Nyangeta tukicheza kwenye vumbi. Ukasema, "Nitangoja."

Ulingoja miaka thelathini na moja.

Kama ungengoja kwa huzuni, ningekuelewa. Kilichonishinda ni furaha yako. Ulikuwaga unatoka kanisani uso umekunjuka kama mtu aliyetoka harusini, unatembea unaimba, ukifika nyumbani unasonga ugali huku unacheza kidogo na mwiko mkononi. Shambani ulikuwa unapalilia pamba na kuongea na Mungu kwa Kizanaki, kwa sauti, unamwambia habari za ng'ombe, habari za mgongo wako, halafu unacheka peke yako. Wapita njia walikuwa wanakutazama. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilijiuliza, huyu mama ameshiba nini? Amekwenda mezani, amenyimwa, amerudi ameshiba!

Nilipofika miaka kumi na sita nikakuambia siendi tena. Nilisema siwezi kwenda mahali ambapo mama yangu anaachwa mlangoni. Hukunipiga wala hukunigombeza. Ulisema tu, "Usikasirike kwa ajili yangu, mwanangu. Mimi sijakasirika." Lakini mimi nilikuwa nimeshaianza ile hasira na nikaipenda. Nilihamia nayo Musoma, nikajifunza kushona, nikaanza maisha na Baba Neema bila padri wala shehe, na nilijiona nakutetea.

Halafu Baba akaanguka zizini. Siku tatu hospitalini, akaondoka. Ulimlilia mpaka sauti ikakauka. Wewe na Mama Mkubwa mlikaa mkeka mmoja, kila mmoja ameegemea bega la mwenzake, na watu waliokuja kutazama kama mtagombana walirudi makwao bila cha kusimulia.

Miezi mitano baadaye ulikuja Mwisenge asubuhi, na unga wa muhogo na kitambaa cheupe umekikunja vizuri kwenye mfuko. Ulikaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Ulikuwa unatabasamu. Ukasema, "Wegesa, nimeongea na padri. Nitaungama, halafu Jumapili ya mwisho wa mwezi nitapokea. Nishonee gauni."

Na mimi nikakujibu, Mama. Unakumbuka nilivyokujibu. Nilisema, "Kumbe muda wote ulikuwa unangoja Baba afe."

Wateja wawili walikuwepo. Walitazama chini.

Ulikikunjua kitambaa, ukakikunja tena, ukakiweka mezani. Kisha ukasema polepole, "Baba yako nilimpenda. Na huyu ninayekwenda kumpokea nampenda. Sikuwahi kuwapiganisha moyoni mwangu. Nimemlilia baba yako na bado namlilia. Sasa hii furaha niipeleke wapi, mwanangu? Niitupe?" Ukasimama, ukaaga wale wateja kwa heshima, ukaondoka.

Sikushona. Kitambaa kilikaa rafuni wiki zote tatu zilizobaki. Kila siku nilikuwa nakiona, na kila siku nilitafuta kazi nyingine ya kufanya.

Sasa nafika kwenye lile ambalo sikukuambia. Siku ile nilikuwepo.

Nyangeta alinipigia simu Jumamosi, akaniambia kama siji nisimwite dada tena. Nilimjibu siji. Lakini alfajiri niliamka nikaondoka, sikumuaga hata Baba Neema vizuri, na bodaboda akanishusha mbali kidogo na kanisa ili watu wasinione. Nilisimama nje, kwenye dirisha la upande wa wanawake, lile lenye wavu uliotoboka. Niliona kila kitu.

Ulikuwa umevaa gauni la Mama Mkubwa. Lilikuwa pana, mmelifunga kiunoni kwa kipande cha kitenge ili lisikuburuze. Nilipoliona hilo gauni nilitaka ardhi inimeze. Muda wa komunyo ulipofika uliinuka, ukakaa tena. Mama Mkubwa alirudi kutoka kwenye mstari, akakushika mkono, na mkaenda wote wawili, mke mkubwa mbele, mke mdogo nyuma, kanisa zima linawatazama. Padri akasema maneno yake. "Amina" yako niliisikia mpaka dirishani. Haikuwa ya kunong'ona, Mama. Ilikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kukaa foleni siku nzima.

Halafu ulipogeuka hukujua pa kwenda. Ulisimama katikati ya kanisa, umefumba macho, machozi yanatiririka, na unacheka. Unacheka! Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata, hata padri alisimama kidogo akangoja. Nami nilikuwa nje nimeng'ang'ania nondo za dirisha. Kama ningeingia wakati ule, ungeniona. Nilichofanya ni kukimbia. Nilikimbia mpaka barabarani, nikapata usafiri, nikarudi Musoma, na jioni Nyangeta aliponipigia nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi.

Sikukimbia kwa hasira. Hasira ilikuwa imeniishia pale dirishani. Nilikimbia kwa sababu niliona kitu ambacho sikuwa nacho, na nilikitaka, na sikujua hata jina lake. Nilikuonea wivu, mama yangu mwenyewe.

Ulipata mwaka mmoja tu. Hukukosa Jumapili hata moja. Kisha chakula kikaanza kukukwama, kwanza ugali, halafu wali, halafu hata uji. Madaktari walipima wakasema ni saratani ya koo. Nilikuchukua nikakuweka kwangu, na ndipo nikakitoa kile kitambaa. Nilikupima siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili ikabidi nikupime tena, maana ulikuwa umepungua. Ulikuwa unalala pale karibu, unanielekeza kwa kidole kwamba pindo limepinda. Hukulitaja neno langu la siku ile hata mara moja. Nami mara nyingi nilifungua mdomo niombe msamaha, nikaishia kukuuliza kama una baridi.

Padri alikuwa anakuletea komunyo kila Ijumaa, kipande kidogo sana na kijiko cha maji. Ijumaa ya mwisho ulikuwa umevaa lile gauni. Nilikuegemeza kwenye mito. Ulijaribu maji kwanza. Hayakupita. Ulikohoa mpaka nikaogopa, na padri akanitazama akatikisa kichwa. Nilifikiri utalia. Miaka thelathini na moja ya kungoja, mwaka mmoja wa kupata, na sasa koo ndilo linalokuzuia. Nilimkasirikia Mungu wazi wazi, nilitaka kumwambia padri aondoke.

Wewe ukasema, kwa sauti iliyokuwa imebaki, "Nionyeshe tu, padri."

Akaiinua mbele yako. Ukaweka mikono magotini, viganja juu. Ukatazama kwa muda mrefu, na uso wako ukakunjuka. Nilikuwa nimepiga magoti kukushikilia mgongo, nikasikia mwili wako wote mwepesi unatetemeka, na nikajua si maumivu. Padri alipoondoka ulinikuta nalia. Ukaniambia, "Usinihurumie. Hii naifahamu. Nimeifanya muda mrefu." Baadaye kidogo, nilipodhani umelala, ukaongeza, "Anayemtaka Mungu hivi, Wegesa, tayari amekwisha kushikwa naye."

Uliondoka Jumatatu, saa nne asubuhi, mimi na Mama Mkubwa tukiwa pembeni yako.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Butiama kumsaidia Mama Mkubwa kuchambua maharage. Nilimweleza habari ya dirisha. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuisikia. Hakushangaa. Alisema, "Nilikuona. Nilimwambia mama yako tukiwa njiani kurudi." Nikamuuliza ulisema nini. Akasema ulisimama barabarani, ukapiga makofi, ukasema, "Basi alikuja!" Ukamkataza asiniambie kwamba unajua, mpaka nitakapokuja kusema mwenyewe.

Mama. Ulijua wakati wote ule. Ulijua nilipokuwa nakupima gauni.

Na Mama Mkubwa akaniambia lingine. Alisema miaka yote ile alikuwa anapokea komunyo kama mtu anayemeza dawa, kwa sababu ni Jumapili na kwa sababu ni haki yake. "Mimi nilikuwa nakula, mwenzangu ndiye aliyekuwa anaonja," alisema. "Nilianza kuomba kweli siku niliyomshika mkono." Tukaendelea kuchambua maharage.

Nimeanza kwenda misa hapa Mwisenge. Hali yangu na Baba Neema unaijua, kwa hiyo sipokei. Wiki za kwanza nilikaa tu, moyo mkavu, nahesabu nyimbo zilizobaki. Sikuhisi kitu na sitakudanganya. Lakini Jumapili iliyopita watu waliposimama kwenda mbele, kitu kiliniuma hapa kifuani, na machozi yakatoka kabla sijajiandaa. Neema aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Na kweli, Mama, sikuwa naumwa. Ilikuwa inauma na ilikuwa tamu, na nilitamani isiishe.

Nilimwambia Baba Neema jioni ile. Yeye si mtu wa maneno, unamjua. Alisema tu, "Twende tukaongee na padri. Jumamosi nina nafasi." Basi Jumamosi tunakwenda. Ninaogopa, sijui nitaanzia wapi kuungama, ni miaka mingi. Nadhani nitaanza na lile neno nililokuambia mbele ya wateja.

Nisamehe, Mama. Najua ulishanisamehe, lakini mdomo wangu ulikuwa haujasema.

Nakuaga sasa. Pumzika kwake uliyemtaka hivyo. Ninakuahidi mambo mawili, na nitayatunza. Sitaionea aibu tena furaha ya mtu. Na siku yangu ya kupokea itakapofika, sitaikimbia.

Mwanao,
Wegesa